Wasomaji Wanauliza: Opera ya Huangmei na asili yake

SWALI: Ndugu Mhariri, juzi nilitazama kwenye televisheni mchezo wa Kichina wa kuimbwa, ambao mtangazaji aliuita opera ya Huangmei. Kijana aliyevaa joho jekundu na kofia iliyochomekwa maua aliimba kwa sauti ambayo sikuwa na shaka kwamba ni ya mwanamke. Sanaa hii ilianzia wapi, ina michezo gani, na kwa nini kijana yule aliimba hivyo? – Mwalimu wa kwaya, Tabora.

JIBU: Mwalimu, sikio lako halikukudanganya, na suala la sauti nitalifikia mwishoni. Huangmei ni wilaya iliyo mashariki mwa jimbo la Hubei, jirani na majimbo ya Anhui na Jiangxi. Wachuma chai wa huko waliimba wakiwa kazini, kama wapagazi wa Kinyamwezi walivyoimba na mizigo mabegani wakielekea pwani, na kutokana na nyimbo hizo ikazuka michezo mifupi iliyoitwa michezo ya kuchuma chai. Inasimuliwa kwamba mafuriko ya eneo la mto Yangtze yalipoharibu mashamba, wanavijiji walihamia Anhui wakiimba nyumba kwa nyumba ili wapate chakula. Huko, hasa katika eneo la Anqing, nyimbo zilivaa lafudhi ya wenyeji, na ndiyo maana sanaa yenye jina la wilaya ya Hubei leo huhesabiwa kuwa fahari ya Anhui.

Wewe unayefundisha kwaya utapendezwa na namna walivyoimba zamani. Watatu walipiga ngoma na matoazi, saba waliimba, wala hapakuwa na chombo cha nyuzi hata kimoja. Mwimbaji alipokaribia mwisho wa mstari, wapigaji waliokaa kando waliudaka na kuumalizia pamoja naye. Siku hizi kinachoongoza ni gaohu, fidla ya nyuzi mbili yenye sauti ya juu, ambayo kwa kweli imeipa opera hii utamu wake mwingi.

Kwa desturi husemwa kwamba ina michezo mikubwa 36 na midogo 72. Mimi naipenda zaidi ile midogo, kwa sababu ndani yake maisha ya kijijini hayajapambwa. Katika mchezo wa kukata majani ya nguruwe, msichana anavunja machipukizi ya mianzi bila kukusudia, mvulana anayelinda mianzi hiyo anamshika kwa wizi, wanagombana, kisha wanapatana, na mvulana anamsindikiza nyumbani huku wakitegeana vitendawili vya maua kwa wimbo, mmoja akiuliza na mwenzake akijibu.

Kati ya mikubwa, ulioipeleka Huangmei China nzima ni ule wa malaika wa saba, binti wa mfalme wa mbinguni, anayeshuka duniani na kuolewa na Dong Yong, maskini aliyejiuza utumwani ili apate fedha za kumzika baba yake. Filamu yake ilitoka mwaka 1955, na mwigizaji Yan Fengying akawa kipenzi cha watu.

Kwa maelezo yako, naamini uliona mchezo wa Feng Suzhen, ambao nao ulifanywa filamu mwaka 1959, Yan Fengying akiwa ndiye Feng. Binti huyu anavaa nguo za kiume ili amwokoe mchumba wake aliyetiwa gerezani, anafanya mtihani wa dola, ule wa kuteua maofisa wa serikali, kwa jina la mchumba huyo na kushika nafasi ya kwanza. Joho jekundu na maua ya kofiani ndiyo mavazi ya mshindi. Kwa hiyo uliyemsikia ni mwanamke anayeigiza mwanamke aliyejifanya mwanamume. Mfalme, asijue lolote, anamwoza binti yake, na usiku wa harusi Feng hana budi kumweleza bibi harusi ukweli wote, akijua kwamba neno moja la binti mfalme linaweza kumkatisha kichwa.