Kabla hujamwachia mtu mzazi wako nyumbani, angalia haya

Tangu watu wajue kwamba mamangu alipooza upande wa kulia na tunamuuguza nyumbani hapa Malindi, simu haziishi. "Nipe namba ya yule dada wenu", "mwatoa wapi kegiva", "ejensi gani nzuri". Namba ntakupa, lakini kwanza niskize. Hospitali ina matroni, ina daktari wa kupita wodini, ina wakaguzi. Nyumbani kwako Shela ama Muyeye nani atakuja kukagua? Mlango ukishafungwa wamebaki mgonjwa na anayemwangalia, na mgonjwa mwenyewe pengine hata kusema hawezi, kwa hivo mkaguzi ni wewe, na kama hujui wakagua nini utaishia kuangalia kama chumba kimefagiwa na bi mkubwa amebadilishwa kanga.

Anza na huyo unayemwingiza ndani. Kuna muuguzi na kuna kegiva, watu wanachanganya sana na kuna ejensi zinafurahi mkichanganya. Muuguzi amesomea na ana laiseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe kwa tovuti ya Baraza ukaona kama lipo. Kegiva mzuri ni mtu wa maana sana, sisi bila yeye tungekua tushashindwa, lakini kazi yake ni kuogesha, kulisha, kugeuza, kumnyanyua mgonjwa, kumkumbusha dawa. Kutia mpira wa mkojo, kuchoma sindano ya mshipa, kusafisha kidonda kilochochimbika, hizo ni kazi za muuguzi. Kuna ejensi ilituletea msichana na yunifomu nyeupe pe, tukaambiwa ni nasi, yaani muuguzi, nikaomba namba ya laiseni nikaambiwa ofisi itatuma, haikutumwa, tukamlipa nauli yake akarudi, na lawama sikumpa yeye, niliwapa waliomtuma. Omba kitambulisho, omba cheti cha tabia njema cha DCI, wale wapelelezi wa polisi (kinaombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali), alafu pigia familia aliyowafanyia kazi mwisho. Usiwaulize kama ni mtu mzuri, manake kila mtu atasema mzuri. Waulize mgonjwa wao alipata vidonda vya kulala ama hakupata.

Hivo vidonda ndivyo vitakavyokwambia kazi inafanyika ama haifanyiki. Mtu asiyeweza kujigeuza, nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro damu haipiti, na ikikaa hivo masaa ngozi inaanza kufa. Ndio maana hugeuzwa kila baada ya masaa mawili hivi, usiku pia, na nasema usiku pia kwa sababu usiku ndio watu hulala wakasahau. Kila siku wakati wa kuoga angalia kisigino, nyonga, mfupa wa makalio, mabega, nyuma ya kichwa. Utaambiwa utafute wekundu lakini kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, tafuta mahali palipozidi weusi kuliko pembeni, papase kama pana joto ama pamekua pagumu, ukibonyeza rangi haibadiliki. Ukiona hivo mtoe hapo asipalalie. Na tafadhali pasisingwe! Najua sisi mafuta ya nazi na kusinga ndio dawa ya kila kitu, miguu na mikono msinge mpendavyo, lakini mahali palipoanza kuumia ukisugua wazidi kuichana nyama ya ndani. Mgonjwa pia asiburutwe kwa shuka, anyanyuliwe na watu wawili, na pampasi ikilowa itolewe hapo hapo.

Kulisha ni jambo lingine naona watu wanalidharau. Mtu aliyepata stroki koo nayo hulegea, chakula kinaweza kwenda njia ya pumzi kikashuka mapafuni na akapata nimonia, na wazee wengi hiyo nimonia ndiyo inawamaliza. Mgonjwa aketishwe wima kabisa, kidevu kiiname kidogo, vijiko vidogo, ameze kwanza ndio uongeze, na akimaliza abaki ameketi kama nusu saa. Cha ajabu ni kwamba maji na chai ndivyo vigumu zaidi kumeza kuliko uji mzito, kwa sababu vinapita mbio. Mama alikua analilia chai yake na mahamri, na sisi tungempa, ila muuguzi alimjaribu kwanza kumeza akatwambia tungoje, chai iwe nzito, mahamri yalainishwe mpaka yawe kama uji. Alikasirika sana lakini tulishika hilo neno. Ukisikia anakohoa akila, ama sauti imekua ya majimaji baada ya kumeza, simamisha na umtafute daktari. Kegiva anayemlisha mgonjwa amelala chali, hata awe mpole vipi, huyo hajui kazi.

Kama ana mpira wa mkojo, ule mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote lakini usiguse sakafu. Nyumbani watu wanakumbuka, shida inakuja kwa tuktuk. Wanampakia mgonjwa kwenda hospitali na yule anayemshika anaupakata mfuko juu ya mapaja ama anauinua kabisa usimwagike, mkojo warudi ndani na uchafu wake, na hapo mmejitafutia homa. Umwagwe kabla ya safari, uning'inizwe chini. Na mikono ioshwe na sabuni kabla ya kuushika na baada, glavu si badala ya kuosha mikono.

Wenye sukari wanaochoma insulini, ambayo haijafunguliwa ikae friji kati ya digrii 2 na 8, isigande. Ikishafunguliwa nyingi zinakaa nje kama wiki nne tu, na kwa joto lisilozidi kama digrii 30, sasa we fikiria nyumba ya mabati hapa kwetu mwezi wa pili stima zikipotea. Mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa kibichi, pahali penye kivuli na upepo, wasaidia sana, dawa ukiitia kwenye kopo lililofungwa isiingie maji. Sukari ikishuka chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) na mgonjwa yuko macho na anameza, mpe vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwa maji, pima tena baada ya dakika 15. Amezimia usimtie kitu mdomoni, kimbiza hospitali. Muulize kegiva haya kabla hujamwajiri, akisita mfundishe ama tafuta mwengine.

Alafu daftari. La shilingi chache tu, likae karibu na kitanda. Saa aliyogeuzwa na upande gani, amekula nini, dawa gani saa ngapi, mkojo uko vipi, choo, presha, na jina la alieandika. Kwetu daftari ndilo lilionyesha mkojo umepungua na umekua mzito siku mbili mfululizo, tukaenda mapema, kumbe ni maambukizi. Daktari alilisoma lile kabla hata ya kumgusa mama. Dawa ikisahaulika iandikwe imesahaulika, na yule alieandika ukweli asigombezwe, manake ukimgombeza kesho atakuandikia uongo.

Stara pia ni ubora. Bi mkubwa aogeshwe na mwanamke, mlango umefungwa, afunikwe sehemu isiyooshwa, aambiwe kinachofanywa hata kama hajibu. Asaidiwe atayamamu aswali vile awezavyo. Na picha zake zisiwekwe stetasi, hata za kumuombea dua, habari za ugonjwa wa mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mwisho ni huyo kegiva mwenyewe. Iulize ejensi wazi, kati ya pesa ninazotoa yeye anapata ngapi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja ya kupumzika kila siku saba, na mtu anayegeuza mgonjwa usiku kucha hawezi kufua na kupika mchana wote. Sisi Ijumaa ni ya ofu, dadangu na mimi twashika zamu kwa lile lile daftari, na kama huna wa kushika zamu hiyo siku moja, mtafute huyo kabla hujanipigia kuomba namba ya kegiva.