Usiseme hakuna, sema bado

Hivi mshagundua mtu wa huku kwetu Lamu ukimuuliza "umeoa?" hata awe na miaka hamsini hasemi hapana, anasema bado? Neno dogo hilo lakini mimi limenitoa mbali.

2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, kafyu ikaja, wageni wakakatika, na hoteli niliyokuwa nafanya kazi Shela ikaturudisha nyumbani. Nikawa kutwa nashinda barazani na simu, roho imekufa kabisa. Ami yangu ni fundi wa mashua, akanibeba Matondoni. Nikakuta mkuku (ule uti wa chini wa mashua) umelazwa mchangani na mataruma, yaani mbavu zake, mawili matatu yamesimamishwa, karatasi hakuna, mchoro hakuna, nikamuuliza ami, sasa mashua yenyewe iko wapi? Wala hakuinua kichwa, akanambia "ipo, wewe tu bado hujaiona", kisha akanipa tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao.

Miaka baadaye ndio nikaja kusoma habari za Ernst Bloch, mwanafalsafa Mjerumani aliyewakimbia Manazi akaingia Marekani 1938, akawa anaandika kuhusu tumaini juzuu 3 nzima huku mkewe Karola, msanifu majengo, ndiye anayeleta unga nyumbani (huyo mama naye apewe haki yake jamani). Nilivyomuelewa mimi, hoja yake ni bado hiyohiyo: dunia haijaisha kuundwa, kuna mambo hayajawa lakini dalili zake zishaanza kuonekana. Na anatenganisha ndoto ya kujiliwaza tu na ndoto iliyoshika njia.

Sasa ndugu zangu, hasa nyinyi vijana mlio barazani saa hizi, ukisema bado usiishie hapo, jiulize bado nini. Bado mbao? Bado pamba ya kukalafati, kuziba nyufa za mbao? Bado kibali? Mimi nilikuwa nasema "bado sijapata kazi" halafu nalala, manake sikujua ni kitu gani hasa kimekosekana, sasa ningekitafuta wapi? Angalieni ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Kwasasi, hapa hapa Lamu, wengi wetu tulidhani kuuzuia ni ndoto tu, lakini wenzetu walijua kilichobaki ni kesi, wakaenda nayo hadi mahakama ya mazingira na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa.

Mimi saa hizi mkuku wangu mwenyewe nishaulaza, mataruma yamefika nusu. Bado misumari na tanga. Misumari naifuata Mokowe Jumamosi.