Vyeo vimenizidi, niache kipi?

SWALI: Shikamoo dada. Nauza mitumba Memorial hapa Moshi, ni mweka hazina wa vikoba, katibu wa jumuiya, niko kwaya na sasa kamati mbili za harusi. Narudi saa tatu usiku watoto washalala. Nikiombwa nasema "ntaangalia", maana nikikataa wataona najidai.
Mama Watatu, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Chukua daftari andika kila cheo na masaa kinayokula, halafu jiulize nikikiacha hiki nani ataumia kweli, maana kwaya ina waimbaji wengine ila mama wa hao watoto ni wewe tu. Harusi toa mchango wako, vikao waachie wengine. Vikoba usitoke katikati, hela za watu hizo, subiri mzunguko uishe mgawane, ukabidhi sanduku na vitabu mbele ya wanachama wote ubaki kununua hisa tu. Ukatibu waambie mapema wapate mwingine umfundishe.

Na hiyo "ntaangalia" ndo imekufikisha hapo, we sema sitaweza. Anza na kamati wiki hii hii, jioni hiyo uwahi uwakute wanao macho.