Zege la kibaraza limetitia: kunyanyua au kuvunja?

Kaka, hilo zege lako la Uyole lililotitia upande wa mlango, kabla hujaita fundi mwaga maji pale bomba la gata (mfereji wa maji ya paa) linapoishia uone yanaelekea wapi, maana kama yanaingia chini ya zege utanyanyua leo na mvua zikianza tu linarudi palepale. Gata kwanza!

Kama zege bado zima, toboeni matundu msukume uji wa saruji na udongo chini yake kwa pampu ulinyanyue, bei nafuu ila ni mzito, kifusi cha chini kisichoshindiliwa kitazidi kushuka. Njia nyingine ni kusukuma povu la poliyurethani, aina ya plastiki, ni jepesi na linakauka ndani ya dakika chache, shida hela na kumpata mwenye mashine. Zege likiwa limekatika vipande mimi ningevunja tu, nashindilia moramu tabaka kwa tabaka, namwaga upya.