Chipukizi wa kikapu: takwimu au kipaji?

Ndugu, umeuliza umwamini kijana wa miaka 22 mwenye pointi 20 kwa mechi, au yule wa 19 mwenye mikono mirefu na pointi 9. Anza na umri: kufunga 20 mbele ya wadogo zako si sawa na kufunga 9 mbele ya watu wazima. Mfano ni Giannis Antetokounmpo, nyota wa NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani): timu za ligi hiyo zilipochagua chipukizi mwaka 2013, alichaguliwa wa 15, akitokea daraja la pili Ugiriki.

Mitupo huru, ile ya baada ya faulo, nayo iangalie. Mkono mzuri huonekana pale mapema. Ila urefu usikulevye. Mtazame akipokonywa mpira: anarudi mbio kukaba, au anasimama kumlalamikia refa? Hilo halimo kwenye jedwali la takwimu, na kwangu lina uzito mkubwa sana.