Muulize Shangazi: Pasta aniambia nimwachie Mungu, unga nani atanunua?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina watoto 3, nakaa Mikindani, asubuhi nauza mahamri na mbaazi za nazi. Mzee wangu ni dereva wa trela lakini siku hizi safari ni za kubahatisha tu. Kijana wetu mkubwa kamaliza fomu foo, yuko yuko tu, nampigia simu mara sita hashiki, juzi nikachukua simu yake nikasoma meseji akaniwakia mpaka majirani wakasikia. Usiku saa nane naamka napiga hesabu kichwani mpaka adhana ya alfajiri, halafu nashika karai nikiwa nimenuniana na nyumba nzima. Pasta kaniambia mwachie Mungu. Nimejaribu, nimefunga siku tatu, lakini nikisema amina tu mzigo nishaubeba tena. Na dada mmoja wa felo yetu ya maombi ati ningekuwa na imani nisingekopa kwa chama chetu cha akiba. Sasa Shangazi nikimwachia Mungu, unga nani atanunua?
Mama wa Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Unga utanunua wewe. Na huyo dada achana naye, mwambie asome Nehemia 4:9, watu wanajenga ukuta wa Yerusalemu, maadui wanawatishia, wakamwomba Mungu na wakaweka walinzi usiku na mchana, vyote viwili, wala hakuna aliyewaambia ati hawana imani. Mimi mwenyewe mlango wangu hapa Kisauni una kufuli mbili na kila usiku naukabidhi kwa Bwana.

Sasa tuje kwa hilo la kubeba tena, maana naona ndilo linakuumiza kuliko deni. Wewe wadhani umefeli. Hebu rudi Gethsemane, Mathayo 26, Yesu aliomba mara tatu, na ile ya tatu yuasema maneno yale yale. Tena hakuanza na "mapenzi yako", alianza na kusema anachotaka, kikombe hiki kiniepuke. Kwa hivyo wewe ukiamka saa nane usijilazimishe kuomba kitakatifu, mwambie Mungu nataka mzee apate mzigo wa Kampala na huyu kijana ananitia kichaa, kisha ndio umwachie, na ukibeba tena saa tisa, mwachie tena. Hakuna anayekuhesabia.

Lakini pia nisikudanganye kama wale wa redioni, ati ukimwachia tu mambo yananyooka. Upande wa Nyali kuna kaburi la mke wa Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Alikuwa amefukuzwa Ethiopia, akaja hapa Mombasa 1844 na mpango wa kuwafikia Waoromo, watu wa huko huko Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na haikupita miezi mingi akamzika mkewe na kitoto kichanga, yeye mwenyewe hoi kwa homa. Kwa Waoromo hakupata kazi aliyoitaka. Akaishia Rabai, hapo nje ya Mombasa, 1846, na huku akijifunza Kiswahili akaandika kitabu cha sarufi yake. Sidhani kuna siku aliona hiyo ni biashara nzuri.

Kijana sasa. Mwanangu wewe ni mtu wa mahamri, hili walijua kuliko mimi. Ukishakanda na tui na iliki na hamira yako, unafunika kitambaa unaenda kulala. Ukiwa kila dakika wafunua, wabonyeza kidole uone kama umeumuka, utaharibu karai zima na wateja watakuuliza leo kulikoni. Miaka kumi na minane umemkanda huyo, umempeleka sande skul, umemchapa na umembembeleza, na bado wabonyeza. Simu yake usiiguse tena. Mwambie nimekosea kusoma meseji zako, neno "lakini" usiliongeze hapo, najua litakuwasha mdomoni. Halafu umpe kazi ya kweli, apeleke beseni la asubuhi stejini na pesa ahesabu yeye, akikosea shilingi hamsini nyamaza.

Deni la chama lilipe kwa tarehe yake, hilo halina maombi mengine. Mzee naye mpigie mara moja jioni, umuulize amekula nini, sio amepata nini. Niandikie mwezi ujao uniambie kijana kashika simu ama bado.