Acha kumwagilia nyasi kila jioni

Dada mmoja wa Njiro, Arusha, ameniandikia. Anamwagilia kila jioni akitoka kazini, bili ya maji inapaa, na nyasi bado zina mabaka ya njano. Anauliza anunue mbolea gani. Usinunue chochote, dada. Funga koki kwanza tuongee.

Bustani yangu hapa Moshi imesemwa sana, kwa kuwa siimwagilii kila siku. Shemeji yangu, mwenye nyumba Shanty Town na kijana wa kushika mpira wa maji kila magharibi, alitangaza mbele ya wageni kwenye kipaimara cha mwanangu kwamba mimi ni bahili hadi kwa majani. Watu wakacheka, nami nikaendelea kugawa mbege. Februari hii, jua likiwaka kweli, mkewe kanipigia simu: wanaomba binti yao apigie picha za send-off kwangu, maana kwao pamekauka. Nikawakaribisha, nikawapikia na chai. Neno sikusema, ndiyo maana naandika.

Siri yenyewe haikutoka kwenye semina. Nimekulia Kibosho, kihamba chetu, yaani shamba la migomba la nyumbani, kikinywa maji ya mfongo, mfereji wetu Wachagga, na mfongo una zamu. Zamu yako ikifika unafungua, migomba inakunywa mpaka ardhi inashiba, kisha unafunga, maji yanakwenda kwa jirani nawe unasubiri. Sikumwona baba akirashia mgomba vikombe viwili kila jioni. Mzizi hufuata maji. Yakiishia juu, nao unabaki juu, na jua la Januari linaukuta hapohapo. Ukoka una uwezo wa kuzamisha mizizi mbali sana, lakini utajisumbua kwa nini kama unaletewa maji mdomoni?

Hesabu ni hii. Nyasi zilizokwisha kushika hutosheka na kama milimita 25 za maji kwa wiki wakati wa kiangazi. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bustani ya mita 5 kwa 8 inataka lita 1,000, yaani uniti moja kwenye mita ya maji. Tegesha ndoo ya lita 20 uone mpira unaijaza kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika moja, kazi yako ni dakika 50 kwa wiki. Zigawe mara mbili, tuseme Jumatano na Jumamosi. Basi. Kipupwe kikiingia, Juni na Julai kule kwenye mawingu, punguza.

Na iwe alfajiri. Nyasi zikilala zimelowa usiku kucha, kuvu inapata makazi, na mabaka yako huenda ndiyo hayo. Mchana maji mengi yanaondoka na jua na upepo kabla hayajazama.

Ukimaliza, chomeka bisibisi ndefu ardhini. Ikizama sentimita 15 bila kugoma, maji yamefika. Ikigoma, hayajafika, hata kama juu panang'aa. Kwenye udongo mfinyanzi maji hukimbilia mtaroni, kwa hiyo mwaga kidogo, pumzika, rudia. Siku nyingine kanyaga tu: nyayo zako zikibaki zimelala badala ya nyasi kuinuka, zina kiu. Na mwambie fundi asizinyoe kipara; asiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu.

Lakini tuambiane ukweli, ndugu zangu. Wengi hatumwagilii nyasi, tunamwagilia macho ya wapita njia. Mtu anasimama getini saa kumi na mbili jioni, mpira mkononi, nusu ya maji yanaenda barabarani, na mtaa wa pili akina mama wamepanga madumu wakingoja mgao. Halafu huyohuyo anamwita mwenzake bahili! Mimi maji yangu yote yako chini, ndiyo maana hamkuyaona.

Nyasi mpya zina sheria yake: zilowe kila siku mpaka ukizivuta zisinyanyuke, kisha uanze kuzipa nafasi. Wewe dada wa Njiro, zako za zamani zipunguzie taratibu, usikate ghafla. Mbolea tutaiongelea mvua za Machi zikianza.